Kijiji Kilichojitangaza Jamhuri Usiku Mmoja Kabla Ukuta Uanguke

Leo nina stori ya kijiji kimoja cha Ujerumani, kidogo sana, yaani mabasi matatu yangebeba watu wote na viti vibaki. Lakini kwanza niwaambie vile nilikifikia, ju nilikifikia kupitia lango la ploti yetu.

Kwa ploti yetu lango hufungwa saa tano usiku. Soja akishaweka kufuli, imeisha hivyo. Ufunguo ni mmoja na anaenda nao. Mwaka jana nilichelewa dakika kama kumi na tano, jam ilikuwa mbaya, nikagonga mpaka mkono ukaniuma. Hakuna. Nikaenda kulala kwa beshte yangu mitaa miwili mbele, kwa kiti. Usingizi ukakataa, nikatoa simu, nikaanza kusoma mambo ya mipaka na kuta ju ndivyo mimi hufanya nikiwa na hasira. Niliacha chuo mwaka wa pili lakini kusoma sikuacha. Karibu saa nane usiku nikakutana na jina Rüterberg. Hiyo ü isome hivi: sema "i" lakini midomo iwe imekaa ya "u". Ukishindwa usijali, hata mimi bado najaribu.

Nikasoma sentensi moja nikakaa wima. Kijiji kizima kilikuwa kimezungushiwa fensi, kikiwa na lango moja, na hilo lango lilifungwa saa tano usiku na kufunguliwa saa kumi na moja asubuhi. Ukichelewa, unabaki nje. Masaa yale yale ya ploti yetu! Tofauti ni kwamba mimi nilifungiwa na landlodi, wao walifungiwa na serikali. Na wao hilo jambo lilienda zaidi ya miaka ishirini.

Hebu tuanze na ramani. Kuna mto unaitwa Elbe. Unaanzia milima ya nchi ya Cheki, unaingia Ujerumani, unapita Dresden, unapita Magdeburg, unapita Hamburg, halafu unamwaga maji kwa Bahari ya Kaskazini. Urefu wake ni kama kilomita 1,100, kwa hivyo haupishani sana na Tana yetu. Rüterberg iko ukingo wa mashariki wa huo mto, mahali mto unapiga kona, kilomita chache kutoka mji mdogo unaoitwa Dömitz. Kuna kilima, kuna udongo mzuri wa mfinyanzi, na kitambo watu wa hapo walichoma matofali. Kuna mto, kuna matofali, kuna mashamba. Kijiji cha kawaida kabisa ambacho hakuna mtu angekiandikia historia.

Hata jina si la zamani sana. Zamani sehemu hiyo iliitwa Wendisch Wehningen. Hilo neno "Wendisch" linahusu Wawendi, jina ambalo Wajerumani waliwaita Waslavi walioishi pande hizo kabla yao. Mwaka wa 1938, Wanazi wakiwa madarakani, kijiji kikapewa jina jipya la Rüterberg na yale mambo ya Waslavi yakafutwa kwa ramani. Shikilia hiyo akilini. Huyu ni mtu ambaye serikali imeshamchagulia jina. Bado haijamfungia ndani.

Vita vya Pili vya Dunia vikaisha 1945, Ujerumani ikashindwa, na washindi wakaigawa vipande vinne: Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Wasovieti. Mwaka wa 1949 vile vipande vikawa nchi mbili. Magharibi ikawa ya kibepari, mashariki ikawa ya kikomunisti chini ya Wasovieti. Rüterberg ikaangukia mashariki. Ng'ambo ya mto, pale unapoona moshi wa jikoni ya jirani, ni magharibi. Nchi nyingine, pesa nyingine, jeshi lingine.

Wengi wetu tukisikia Ujerumani ilikuwa imegawanywa tunafikiria Ukuta wa Berlin tu. Lakini Ukuta wa Berlin ulikuwa kwa mji mmoja. Mpaka wenyewe kati ya zile nchi mbili ulikuwa na urefu wa karibu kilomita 1,400, ukipita kwa misitu, mashamba na vijiji. Na ulianza kufungwa miaka tisa kabla ya ule ukuta. Tarehe 26 Mei 1952 serikali ya mashariki ilitoa amri. Ardhi ya kilomita 5 kutoka mpakani ikawa eneo maalum, huingii bila kibali. Mita 500 za mwisho zikawa kali zaidi. Halafu mita 10 kabisa kabisa mpakani zikalimwa na kusawazishwa, zikaachwa tupu, ili mtu akikanyaga alama ya mguu ionekane. Wanalima shamba na mavuno ni nyayo za watu. Wueh.

Halafu wakaanza kuwahamisha watu. Juni 1952 zaidi ya watu 8,000 waliondolewa kwa nguvu kutoka vijiji vya mpakani, wale ambao serikali ilishuku hawaaminiki. Unajua operesheni hiyo iliitwaje? Ungeziefer, yaani wadudu waharibifu, kama kunguni na panya. Mwaka wa 1961 wakarudia, safari hii zaidi ya watu 3,000, na sasa wakaipa jina la ua zuri la shambani. Majina ndio yalibadilika. Lori lililokuja alfajiri kubeba vitanda na sufuria za watu lilikuwa lile lile. Na vijiji vingine, kama Billmuthausen kule Thuringia, vilibomolewa kabisa mpaka msingi.

Rüterberg haikubomolewa. Ilipata kitu tofauti.

Kuna hii shida ya mto. Kwa karibu kilomita 94 za Elbe, zile nchi mbili hazikuwahi kukubaliana mpaka uko wapi hasa. Mashariki ilisema uko katikati ya maji. Magharibi ikasema hapana, mto wote ni wetu mpaka ukingo wenu. Huo ubishi ulienda miaka na miaka. Sasa wewe unaishi kwa kona ya huo mto. Mwaka wa 1961, mwaka ule ule Ukuta wa Berlin ulijengwa, fensi ikawekwa upande wa mto. Kijiji ambacho maisha yake yote kilikuwa cha mtoni sasa hakikuweza kufika mtoni. Unasikia maji, unanusa maji, mafuriko yakija yanakufikia, lakini wewe mwenyewe huwezi kwenda kuosha miguu.

Halafu, kufikia mwisho wa miaka ya 1960, wakaweka fensi ya pili. Hii ya pili haikuwa upande wa adui. Ilikuwa nyuma ya kijiji, upande wa nchi yao wenyewe. Ju ya ile kona ya mto, ilikuwa rahisi kwa serikali kukiacha kijiji kati ya fensi mbili kuliko kukilinda pande zote. Kwa hivyo mbele fensi, nyuma fensi, minara ya ulinzi, na lango moja lenye wanajeshi. Magharibi huwezi kwenda. Na mashariki, nchi yako, unaingia na kutoka kwa kuonyesha kitambulisho kilichopigwa muhuri maalum.

Fikiria maisha hayo polepole. Mnakumbuka kafyu ya 2020? Ile tulianza kwa kucheka na kutengeneza video, baada ya miezi mitatu hakuna mtu alicheka tena. Sasa fikiria mtoto aliyezaliwa Rüterberg wakati fensi ya pili imewekwa. Anaenda shule kupitia lango. Anabalehe, anapata mpenzi mji wa pili, na mpenzi hawezi kuja kumwona nyumbani ju wageni hawaruhusiwi hivi hivi. Shangazi anataka kuja siku ya kuzaliwa, aombe kibali. Disko Dömitz linachangamka saa nne, yeye anaangalia saa ju saa tano lango. Huyo mtoto anafika miaka ishirini, umri wa wengi mnaosoma hii, na hajawahi kuona jioni moja bila lango.

Na wale waliokuwa wakilinda? Wengi walikuwa vijana pia. Ujerumani Mashariki ilikuwa na jeshi la lazima, miezi 18, ukimaliza shule unaitwa. Mvulana wa miaka kumi na tisa anapewa bunduki na kuambiwa alinde watu wa nchi yake wasitoke. Nikifikiria hapo huwa nashindwa nimkasirikie nani.

Watu wakaondoka. Wengine walihamishwa, wengine walichoka, vijana walitafuta kazi na maisha mahali pengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kijiji kilikuwa na watu karibu 300. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki karibu 150. Nusu.

Sasa tuingie 1989, na hapa ndio nataka mnisikilize poa.

Huo mwaka mambo yalikuwa yanatokota. Mwezi wa Mei serikali ya mashariki ilifanya uchaguzi wa mitaa na kura zikachezewa, na watu wakashika. Septemba 11 Hungaria ikafungua mpaka wake na maelfu ya Wajerumani Mashariki wakapitia huko kukimbia. Oktoba 9, kule Leipzig, watu karibu 70,000 waliandamana na polisi hawakupiga risasi. Oktoba 18 Erich Honecker, mkubwa wa nchi kwa miaka 18, akang'olewa na wenzake.

Ukiandika hivyo, moja baada ya nyingine, inaonekana kama ngazi, kana kwamba kila mtu alijua inaelekea wapi. Hakuna mtu alijua. Juni 4 mwaka huo huo jeshi la China liliua waandamanaji Beijing, na siku nne baadaye bunge la Ujerumani Mashariki likapitisha azimio la kuunga mkono serikali ya China. Hiyo ilikuwa salamu kwa wananchi wao: tumeona vile inafanywa. Polisi wa siri, Stasi, walikuwa na wafanyakazi karibu 91,000 na watoa habari wengine kama 189,000. Jirani yako, mwalimu wako, hata bwana yako angeweza kuwa mmoja. Nchi yenye watu milioni 16 tu.

Kwa hayo mazingira, kule Rüterberg kulikuwa na fundi wa nguo anaitwa Hans Rasenberger. Fundi cherehani. Hakuwa mwanasiasa wala profesa. Mwezi wa Oktoba akaomba ruhusa ya kuitisha mkutano wa wakazi. Kumbuka kwa hiyo nchi hata mkutano unaombewa ruhusa. Ruhusa ikatoka, tarehe ikawekwa: Novemba 8, 1989.

Siku hiyo karibu wakazi 90 walikuja. Kati ya watu 150, toa watoto na wagonjwa, hiyo ni kusema karibu kila nyumba. Na ndani ya huo ukumbi walikuwepo pia maafisa, wa wilaya na wa jeshi la mpakani, wale wale wenye lango. Wamekaa hapo wanaangalia nani anasema nini.

Rasenberger akasimama. Akapendekeza kwamba Rüterberg ijitangaze Dorfrepublik, yaani jamhuri ya kijiji. Wazo lilikuwa rahisi: kama nyinyi mmetutenga na magharibi, na mmetutenga na mashariki pia, basi sisi hatuko kwa nchi ya mtu. Tutajiamulia wenyewe. Kukapigwa kura. Walioinua mkono ni wote.

Nilisoma hiyo nikacheka kwa sauti, beshte yangu akaniambia nizime simu tulale. Ju kweli inachekesha. Jamhuri bila jeshi, bila pesa, bila pasipoti, na haina hata ufunguo wa lango lake. Lakini ukikaa nayo kidogo kicheko kinaisha. Serikali ilikuwa imekizungushia kijiji mpaka kama wa nchi. Fundi akasema tu kile ambacho kila mtu alikuwa anaona: hii fensi imetufanya nchi, basi na tuwe nchi. Alichukua kipimo chao akawapima nacho.

Wakaenda nyumbani kulala, maafisa wakaondoka.

Siku iliyofuata, Novemba 9, kama saa moja jioni kule Berlin, msemaji wa chama tawala Günter Schabowski alikuwa na waandishi wa habari. Akasoma karatasi kuhusu sheria mpya za kusafiri. Akaulizwa zinaanza lini. Hakuwa ameelezwa vizuri, akapekua karatasi, akasema kwa jinsi anavyojua ni sasa hivi, mara moja. Watu wakasikia kwa televisheni wakamiminika mpakani. Karibu saa tano na nusu usiku, kwa kituo cha Bornholmer Straße, afisa aliyekuwa zamu, Harald Jäger, aliona umati umezidi, akafungua. Ukuta wa Berlin ukawa umeisha kazi.

Saa tano na nusu usiku. Kwa saa za Rüterberg, lango lingekuwa limefungwa nusu saa.

Sasa najua nyinyi. Kuna mtu tayari anaandika kwa komenti: "Kwa hivyo walijitangaza jamhuri bure? Si wangengoja siku moja tu?" Na enyewe nimejiuliza hivyo pia. Tuwe wakweli, Rüterberg haikuangusha ukuta. Ukuta uliangushwa na Hungaria, na Leipzig, na uchumi uliokuwa umechoka, na Moscow iliyokataa kutuma vifaru, na karatasi ya Schabowski. Kama hao watu 90 wangebaki nyumbani wakitazama televisheni, fensi yao ingeanguka vile vile.

Lakini hilo swali linamuuliza mtu wa Novemba 8 kitu ambacho kilijulikana Novemba 9. Wale watu waliinua mikono mbele ya maafisa bila kujua kesho. Kwa akili zao kesho ingeweza kuwa Beijing. Ingeweza kuwa lori la alfajiri, lile la 1952 na la 1961, ambalo wazee waliokuwa ndani ya huo ukumbi walilikumbuka. Waliinua tu. Mimi nadhani historia tunafundishwa vibaya hapo. Shuleni tunapewa tarehe ya ushindi, halafu kila kitu kabla yake kinaonekana kama kilikuwa kinangoja hiyo tarehe. Lakini hakuna mtu huishi akiwa na tarehe. Ujasiri ni wa siku ambayo hujui.

Na sitaki kuwapamba sana. Hao hao watu walikaa na hilo lango zaidi ya miaka ishirini. Walipita, wakaonyesha kitambulisho, wakasema habari ya asubuhi, wakaenda kazi. Siwalaumu, watoto wanahitaji kula. Lakini hilo ndio linanitisha zaidi ya fensi. Lango ukilizoea linakuwa sehemu ya hali ya hewa. Mvua, baridi, lango. Mpaka mtu mmoja, tena fundi wa nguo, aseme kwa sauti kwamba hili ni lango na kuna mtu aliliweka.

Baadaye ilikuwaje? Lango likaacha kufungwa. Oktoba 3, 1990 Ujerumani zikaungana. Mwaka wa 1991 serikali ya jimbo la Mecklenburg-Vorpommern ikakiruhusu kijiji kujiita rasmi Dorfrepublik, na bango la kuingilia kijijini likaandikwa hivyo. Lakini huko mashariki viwanda vingi vilifungwa, vijana wakahamia magharibi kutafuta kazi, na mwaka wa 2004 Rüterberg ikaunganishwa na mji wa Dömitz, kama vijiji vingi vidogo. Kwa hivyo jamhuri iliyojitangaza mbele ya jeshi ilimezwa kimya kimya na makaratasi. Hakuna aliyepigwa. Hakuna fensi. Ilikuwa tu ndogo mno. Hiyo pia ni historia, na sijui kama ni ya kusikitisha ama ni ya kawaida.

Ukibahatika kufika pande hizo siku moja, kuna vitu vya kuona. Kijijini wameacha mabaki ya lango na fensi, na mnara wa ulinzi bado umesimama. Zamani aliyekaa juu alikuwa na bunduki, siku hizi umegeuzwa makao ya watu. Kuna chumba kidogo cha makumbusho ya kijiji. Kuna mnara mwingine, huu wa kutazama mandhari, unapanda unaona Elbe yote ikipiga kona. Naona hiyo ni haki kabisa: kijiji kilichonyimwa mto kimejenga mahali pa kuutazama bure.

Ukiteremka Dömitz utaona ngome ya matofali yenye pembe tano, ilijengwa kati ya 1559 na 1565. Ndani ya hiyo ngome alifungwa mwandishi Fritz Reuter, kuanzia 1839 mpaka 1840. Kosa lake lilikuwa kujiunga na chama cha wanafunzi. Alihukumiwa kifo, halafu hukumu ikapunguzwa kuwa miaka 30, na mwishowe akatoka kwa msamaha. Hakumaliza digrii yake ya sheria. Akaja kuandika kwa Kijerumani cha mtaani cha kaskazini, ile lugha ya wakulima na wavuvi ambayo wasomi waliidharau, na akawa mmoja wa waandishi waliopendwa sana wakati wake. Mzazi wangu akisoma hapa, naomba usome hiyo aya mara mbili.

Halafu kuna madaraja. Daraja la reli la Dömitz lilimalizika 1873, karibu kilomita nzima juu ya mto na mabonde yake. Aprili 20, 1945, wiki chache kabla vita viishe, ndege za Wamarekani zililipiga bomu. Halikujengwa tena, ju nani atajenga daraja kati ya nchi mbili zinazonuniana? Upande wa mashariki ukaondolewa, upande wa magharibi bado umesimama mpaka leo, unatoka nchi kavu, unaenda, unaenda, halafu unakatika. Daraja la magari nalo liliharibiwa wakati huo huo, na jipya likafunguliwa Desemba 1992. Hesabu hapo. Miaka 47 bila kuvuka mto mahali ambapo babu zao walivuka kila siku.

Na ile ardhi ya mpakani, ile iliyokatazwa kwa miaka karibu arobaini? Kwa sababu binadamu hawakuruhusiwa, wanyama na ndege walihamia. Leo ukanda mzima unaitwa Grünes Band, mkanda wa kijani, na sehemu kubwa inalindwa. Kuna korongo, kuna biva wanaojenga mabwawa yao. Wao hawakuuliza kibali.

Turudi kwetu. Kwa nini nimewaambia hii stori yote?

Mwezi uliopita dada mmoja wa ghorofa ya pili alishikwa na uchungu wa kuzaa saa saba usiku. Teksi ilikuwa nje, yeye ndani, na soja alikuwa ameenda mahali na ufunguo. Tulingoja dakika arobaini. Mtoto alizaliwa salama, hospitali, asante Mungu. Asubuhi kila mtu aliongea kwa ngazi vile hiyo kitu ni mbaya, na kukitokea moto je, tutatoka wapi? Jioni saa tano lango likafungwa, na kila mtu akaenda kulala. Mimi pia.

Sikatai kwamba ploti si nchi. Landlodi si Stasi, na mimi sifananishi shida zetu na za watu waliobebwa kwa lori. Lakini nimekuwa nikiwaza kuhusu huyo fundi wa nguo, vile aliandika barua yake ya kuomba mkutano, na vile pengine aliikunja akaikunjua mara kadhaa kabla ya kuipeleka.

Jana usiku nimeandika kwa grupu la WhatsApp la wapangaji: "Jumapili saa tisa mchana, tukutane hapo chini tuongee kuhusu ufunguo wa pili." Landlodi yuko kwa hilo grupu. Mpaka sasa watu kumi na saba wamesoma. Wawili wamejibu. Mmoja ni yule dada wa ghorofa ya pili, ameandika tu: "Nitakuja na mtoto."

Jumapili nitawaambia ilikuwaje.